Msimamizi amenikatalia siku za kujitolea zenye malipo. Je, si haki yangu?

SWALI: "Mimi ni mtumishi wa serikali kwa mwaka wa tisa sasa, nashughulika na kumbukumbu na mafaili katika ofisi inayopokea wananchi kila siku. Nje ya kazi ni mwanachama wa Msalaba Mwekundu. Nimefuzu huduma ya kwanza na usajili wa waathirika wa maafa. Mwaka huu ofisi imetoa waraka unaosema watumishi 'wanaweza kupewa hadi siku tano zenye malipo kwa mwaka kwa shughuli za kujitolea, kwa kuzingatia mahitaji ya kazi'. Mafuriko yalipotokea niliomba siku tatu kwa mdomo. Msimamizi akasema kujitolea ni kwa muda wako mwenyewe, ukilipwa huko si kujitolea tena. Nikaenda Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu nikapiga simu ofisini kusema naumwa, maana watu wa kusajiliwa walikuwa bado wengi. Sasa ofisi ya utumishi inataka cheti cha daktari. Shirika lilinipa nauli na hela ya chakula, nikasaini. Je, siku hizi tano ni haki yangu au si haki yangu? Naweza kuomba zihesabiwe kuanzia Jumatatu ile? Ningeumia kule, nani angenitibu? Na hela niliyosaini itaniletea matatizo?"

JIBU: Ndugu yangu, umeuliza mambo manne na nitayajibu yote. Lakini lenye haraka kuliko yote umelitaja kama jambo la kupita tu: ile simu ya Jumatatu. Tuanze nayo, maana hiyo ina siku ya mwisho ya kujibu na mengine hayana.

Usiende kutafuta cheti. Najua hawatakosekana watu wa kukunong'oneza kwamba iko zahanati fulani, daktari wake "anaelewa". Kusema unaumwa ilhali u mzima ni kosa la nidhamu, na mtumishi mwenye jalada safi la miaka tisa, akilikiri mapema, ana nafasi nzuri ya kulivuka kwa onyo. Kuwasilisha cheti cha uongo ni kughushi, na kughushi hakuishii kwenye jalada la utumishi. Kunaweza kukufikisha mahakamani. Halafu kuna kitu ambacho huenda hukukiwaza. Ile karatasi ya nauli na chakula ina jina lako, sahihi yako na tarehe, na shirika limeitunza kwa ajili ya wakaguzi wake. Kama ulisaini na siku ya Jumatatu, basi ushahidi kwamba hukuwa kitandani umeshauandika kwa mkono wako.

Andika maelezo mafupi, nusu ukurasa yatosha. Sema hukuwa mgonjwa; ulikuwa unasajili waathirika wa mafuriko; uliomba ruhusa kwa mdomo na hukupewa; ulikosea kutoa sababu ya ugonjwa. Omba siku hiyo ikatwe kwenye likizo yako ya mwaka au ihesabiwe bila malipo, kadiri ofisi itakavyoona inafaa. Kisha nyamaza. Usiandike kwamba msimamizi ndiye aliyekusukuma ufanye hivyo, hata kama ndivyo unavyohisi. Malalamiko juu yake yatakuwa na barua yake, wiki nyingine. Ukiyachanganya, msomaji wa barua ataona mtu anayetafuta wa kumtupia lawama, na kukiri kwako hakutakuwa na uzito.

Sasa tuje kwenye haki. Soma tena waraka wenu: wanaweza kupewa, hadi siku tano, kwa kuzingatia mahitaji ya kazi. Vifungu vyote vitatu vinaiacha ruhusa mikononi mwa mwajiri. Hapo ndipo siku hizi zinapotofautiana na likizo ya mwaka. Likizo ya mwaka unaichuma kwa kufanya kazi. Mwajiri anaweza kukupangia uende lini, lakini hawezi kuifuta kana kwamba hukuifanyia kazi. Siku za kujitolea hazichumwi. Katika jimbo la North Carolina, Marekani, kwa mfano, watumishi wa jimbo hupewa saa 24 kwa mwaka kwa huduma za jamii, lakini lazima msimamizi aidhinishe, na ambazo hazijatumika ifikapo Desemba 31 zimepotea. Hazivuki mwaka, wala mtumishi anayeacha kazi halipwi kwa ajili yake. Sera nyingi za aina hii zimejengwa hivyo hivyo, na maneno ya waraka wenu yanafanana nazo.

Kwa hiyo siku zenyewe si haki yako. Kilicho haki yako ni kwamba ombi lako lipimwe kwa vigezo vya waraka. Na hapa msimamizi wako ameteleza. Angesema, "Jumatatu tutakuwa wawili tu, siwezi kukuachia," angekuwa ndani ya mamlaka yake na mimi nisingekuwa na la kukuambia. Lakini yeye hakuzungumzia kazi. Aliipinga sera yenyewe. Anayo mamlaka ya kukunyima siku. Hana mamlaka ya kuufuta waraka ambao hakuutoa yeye.

Hoja yake kwamba ukilipwa si kujitolea ina mashiko masikioni, ndiyo maana inarudiwarudiwa na watu wenye akili zao, tena wengine ni wakubwa. Haisimami ukiichunguza. Waliofurikiwa hawakukulipa. Msalaba Mwekundu halikukulipa ujira. Hakuna aliyekulazimisha kwenda, na mshahara wako ungekuwa uleule ungekaa kwenye meza yako ukipanga mafaili. Ambacho kingetokea, kama ungeruhusiwa, ni kwamba mwajiri naye angechangia: wewe ungetoa jasho na ujuzi, yeye angetoa muda wako. Japani walilipanga jambo hili waziwazi. Baada ya tetemeko la 1995 lililobomoa Kobe na miji jirani, watu zaidi ya milioni moja walijitokeza kusaidia, na serikali ikaona watumishi wake hawana njia ya kushiriki ila kwa kutumia likizo zao. Tangu 1997 mtumishi wa serikali kuu anaweza kupata hadi siku tano kwa mwaka zenye mshahara kwa kazi kama kusaidia walioathirika na maafa au kuhudumu katika vituo vya wazee na walemavu. Sharti mojawapo ni kwamba kazi yenyewe iwe ya bila ujira. Mshahara unatoka upande mmoja, huduma ya bure inakwenda upande mwingine, na kanuni hiyohiyo inavibeba vyote viwili bila kugongana. Wameongeza sharti jingine ambalo mimi nalipenda: kusaidia ndugu zako tu hakuhesabiwi.

Hata hivyo, usimwone msimamizi wako ni mtu mbaya. Nimesaini fomu za likizo kwa miaka mingi na najua anachokiwaza hata kama hakukisema vizuri. Watu hudhani kuna mfuko mahali fulani unaolipia siku hizi. Kwa kawaida hakuna. Mshahara wako wa mwezi umeshapangwa kwenye bajeti, na ukiondoka siku moja hauongezeki wala haupungui. Gharama inaonekana kwingine: ile kazi ambayo haikufanyika. Mtu wa idara ya mipango akiondoka siku tatu, taarifa yake inachelewa siku tatu na pengine hakuna atakayegundua. Muuguzi wa wodi akiondoka, lazima mwenzake aitwe na alipwe saa za ziada, ama wagonjwa wakose huduma. Siku zilezile, waraka uleule, ila kwa mmoja ni bure na kwa mwingine ni ghali. Wewe unakaa kwenye ofisi inayopokea wananchi, kwa hiyo unafanana na muuguzi kuliko unavyodhani. Mwananchi aliyefika Jumatatu kufuata faili lake na kuambiwa "njoo kesho" ndiye aliyechangia safari yako ya mafuriko, bila kuulizwa.

Ukilielewa hilo, utajua pia namna ya kuomba. Ombi la mdomo linalosema "nataka kwenda kusaidia" linamwachia msimamizi swali moja gumu, nani atashika kazi, na mtu asiye na jibu la swali gumu husema hapana. Ombi zuri linakuja na jibu tayari.

Tena serikali hulegeza mkono zaidi pale ambapo dharura ni ya ghafla na ujuzi una cheti. Ujerumani wana Technisches Hilfswerk, shirika la uokoaji la serikali lililoanzishwa 1950, ambalo sehemu kubwa ya watu wake ni wa kujitolea. Wakiitwa kwenye maafa, wanaachiwa kazini na mshahara unaendelea. Mwajiri binafsi anarudishiwa gharama hiyo na serikali. Huko Texas, mtumishi wa jimbo aliyefuzu huduma za maafa za Msalaba Mwekundu anaweza kupata hadi siku 10 kwa mwaka zenye malipo, ila shirika lenyewe ndilo linaloomba, msimamizi anakubali, na ofisi ya gavana inaidhinisha. Zingatia hapo: mtumishi haombi peke yake. Shirika linamwita kwa maandishi. Barua ya namna hiyo inabadilisha kabisa sura ya ombi mezani kwa bosi, kwa sababu sasa si wewe unayetaka kutoka, ni watu wanaokuhitaji kwa jambo unaloliweza.

Kwingine mambo ni finyu zaidi, na ni vizuri ujue ili usijione umeonewa peke yako. Sheria ya kazi ya Australia ya 2009 inamlinda mfanyakazi anayetoka kwenda kwenye dharura kama mwanachama wa kikosi kinachotambulika, asifukuzwe, lakini haimlazimishi mwajiri kumlipa. Uingereza, chama kilichoshinda uchaguzi wa 2015 kilikuwa kimeahidi siku tatu zenye malipo kwa watumishi wa umma na wafanyakazi wa kampuni kubwa. Ahadi haikuwahi kuwa sheria. Serikali ya shirikisho ya Marekani haina likizo ya jumla ya kujitolea. Ila mtumishi wake anayetoa kiungo kumwokoa mtu anapata hadi siku 30 zenye malipo kwa mwaka, na anayetoa uboho wa mifupa hupata 7. Ni rahisi kwa mtunga kanuni kulipia kitu kinachoonekana na kupimika.

Kwako wewe maana yake ni hii: usingoje mafuriko mengine. Andika sasa, wakati hakuna dharura, barua ya kuomba utambuliwe mapema. Ningeiandika hivi:

"Nimefuzu huduma ya kwanza na usajili wa waathirika wa maafa, vyeti nimeambatisha. Naomba, kwa mujibu wa waraka wa siku za kujitolea, kwamba maafa yakitokea na shirika likiniita kwa barua, niruhusiwe hadi siku tatu. Nikiwa sipo, dirisha la mafaili litashikwa na mwenzangu, ambaye amekubali na kusaini hapa chini. Maombi ya nyaraka yatakayobaki nitayamaliza ndani ya siku mbili baada ya kurudi. Nitaleta barua ya shirika yenye tarehe na saa nilizofanya kazi. Endapo siku hiyo ofisi itakuwa na upungufu mkubwa wa watu, nitaheshimu uamuzi wa kunibakisha."

Sahihi ya mwenzako ndiyo roho ya barua hii. Bila hiyo, sentensi nyingine zote ni maneno mazuri tu. Na usimwombee mwenzako kimyakimya. Kaa naye, mkubaliane kwamba nawe utamshikia akiwa na jambo lake. Sentensi ya mwisho inaweza kukuuma kuiandika, lakini ndiyo inayompa msimamizi ujasiri wa kukubali, kwani anaona hajafungwa. Ipitishe kwake kwanza, nakala ofisi ya utumishi. Akikataa tena kwa sababu ileile ya "si kujitolea", usilalamike. Iandikie ofisi ya utumishi ukiomba ufafanuzi wa waraka: je, kazi ya maafa ya Msalaba Mwekundu inahesabika? Swali la ufafanuzi hujibiwa haraka kuliko lalamiko, na jibu lake litawafaa wenzako pia.

Kuhusu kuirudisha nyuma Jumatatu ile: hapana, na nakushauri usiliombe kabisa. Hii ni ruhusa, na ruhusa hutangulia. Ofisi nyingine hukubali kuidhinisha baadaye kwa aliyeitwa ghafla, ilimradi alipopiga simu alisema ukweli wa alipo. Wewe ulisema jambo jingine. Kuomba siku hiyo ilipiwe kwenye barua ileile unayokiri ndani yake kutaonekana kama unataka zawadi ya kosa.

Kuumia ni swali zito kuliko mengine yote uliyoniuliza, na watu wachache hulifikiria kabla. Fidia ya ajali kazini, karibu kila mahali, inagusa majeraha yaliyotokana na kazi na yaliyotokea ukiwa kazini. Ukiwa kwenye likizo ya kujitolea wewe bado ni mtumishi na mshahara unaingia, lakini hauko kazini. Kuruhusiwa kwenda si sawa na kutumwa. Ofisi ikikutuma kwa barua rasmi ukasaidie, hapo una hoja kwamba ulikuwa kazini. Ikikuruhusu tu, mzigo unahamia kwa shirika lililokupokea na kwa bima yako mwenyewe ya afya. Wale wa Ujerumani wanaingizwa kwenye bima ya ajali ya umma wakiwa kwenye huduma, lakini huo ni mpango wao. Usidhani na kwenu upo.

Kwa hiyo kabla ya kupanda gari, liulize shirika: je, mna bima ya ajali kwa watu wa kujitolea? Inaanzia kambini au tangu natoka nyumbani? Na jina langu limo kwenye orodha ya leo? Hilo la orodha ndilo linalosahaulika, kwa sababu wakati wa maafa watu huingia na kutoka kiholela, na anayejeruhiwa akiwa hayumo kwenye orodha huanza kuhangaika kuthibitisha kwamba alikuwepo. Sasa irudie Jumatatu yako kwa macho hayo. Kwenye kumbukumbu za ofisi ulikuwa nyumbani, mgonjwa. Ungevunjika mguu kwenye tope la mafuriko, familia yako ingeanza madai kwa kueleza kwa nini maelezo yako mwenyewe yanapingana na majeraha yako.

Hela uliyosaini, kwa jinsi ulivyoieleza, hainitishi sana. Kurudishiwa nauli na kulishwa si kulipwa. Ugumu unaanza pale shirika linapotoa kiwango kimoja cha posho kwa siku kisichohusiana na ulichotumia, halafu siku hiyohiyo unapokea na mshahara. Hapo mkaguzi ana haki ya kuuliza kama umelipwa mara mbili. Jumamosi na Jumapili ni siku zako. Itaje hela ya Jumatatu kwenye maelezo yako kwa sentensi moja, kiasi na sababu, ili isije ikaibuliwa na mtu mwingine. Siku zijazo tunza tiketi, na omba nakala ya unachosaini.

Maadamu tumegusa malipo, kuna tabia moja ambayo waraka wa namna hii huizaa na ambayo mimi huipinga kila ninapoikuta: ofisi kuwaambia watumishi "mjitolee" Jumamosi kumaliza mafaili yaliyolundikana. Hizo ni saa za ziada zilizobadilishwa jina. Sheria ya kazi ya Marekani inakataza mtumishi wa umma kujitolea kwa mwajiri wake uleule kwa kazi ya aina ileile anayolipwa kuifanya, na sababu yake ni hiyo. Vilevile, kampeni za siasa hazimo kwenye siku hizi, na shirika linalopata kibali au fedha kutoka ofisi yenu ulitangaze kwa maandishi kabla hujalitumikia.

Ukiniuliza ungefanyaje mafuriko yakija tena na ruhusa ikakosekana kwa sababu halali ya kazi, nitakwambia tumia likizo ya mwaka. Hakuna anayeuliza unaitumiaje. Ubaya wake ni kwamba inakula mapumziko yako, na kazi ya maafa inachosha mwili na roho kuliko mafaili, kwa hiyo usiimalize yote huko. Weka akiba ya siku mbili tatu kwa kazi hii, zilizobaki pumzika kweli. Likizo bila malipo iombe mwisho, na kwanza uliza kama inagusa michango yako ya pensheni. Kubadilishana zamu ni njia nzuri kwa wenye zamu. Kwa ofisi ya saa za kawaida kama yenu sioni ikifanya kazi.

Kitu ambacho siwezi kukifanya kutoka hapa ni kuiona barua uliyopokea. Isome upya kwa utulivu. Ikiwa inataja kifungu cha kanuni za nidhamu, inatumia neno "tuhuma", au inakutaka ujieleze kwa nini usichukuliwe hatua, basi mchakato wa nidhamu umeshaanza, na maelezo niliyokushauri yasitoke mkononi mwako kabla hayajaonwa na mtu. Chukua barua hiyo, waraka, rekodi ya mahudhurio yako na uthibitisho wa shirika, uende kwa kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi au kwa mwanasheria wa masuala ya kazi, kabla ya siku ya mwisho kufika. Hali ni hiyohiyo kama siku hiyo haikuwa ya kwanza. Kukiri siku moja huku rekodi ikionyesha tatu ni jambo la kupanga na mshauri ana kwa ana. Ikiwa ni ombi la kawaida la cheti na si zaidi, peleka maelezo yako wewe mwenyewe masjala kesho asubuhi, ukiwa na nakala mbili, na usiondoke dirishani hadi nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa.